Ni wapi pa kununua vitu vya Marseille vilivyo vya kweli, hasa sabuni?

Msafiri wa Kusini

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu nawasalimu. Mwishoni mwa mwezi wa Juni nitakuwa Marseille, kusini mwa Ufaransa, kwa mkutano wa kikazi, na mkutano ukimalizika nitapata muda mfupi wa kutembea kabla ya kupanda ndege ya kurudi. Nimekuwa nikisoma habari za mji huo kwa hamu, lakini nikitafuta habari za ununuzi, karibu kila ninachokutana nacho ni orodha ya maduka ya nguo ambayo yamo katika kila mji mkubwa wa Ulaya, na sioni sababu ya kwenda mbali kununua shati linalouzwa kila mahali.

Ninavyovitaka ni vitu vya Marseille yenyewe. Mama na shangazi zangu wameniagiza sabuni. Mimi nataka kitu cha kudumu cha jikoni, pamoja na vitu vidogo vya kula vya kuwapelekea wenzangu kazini. Nimesikia kwamba karibu na bandari ni jambo la kawaida mgeni kuuziwa bidhaa iliyotoka nchi nyingine na kubandikwa jina la mji, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Naomba anayeufahamu mji anieleze mitaa ya kwenda, siku na saa zinazofaa, na namna ya kuitambua sabuni ya kweli. Kama yupo pia anayeujua utaratibu wa wageni kurudishiwa kodi, nitashukuru akinifafanulia, maana maelezo niliyoyaona yanapingana.

Mtaa wa Noailles

Marahaba mdogo wangu. Wasiwasi wako una msingi, na kwa kuwa sabuni ndiyo inayowapoteza wageni wengi, nianze nayo.

Jina la sabuni ya Marseille linataja namna ya kuitengeneza zaidi ya mahali inapotoka, na ndiyo maana utakuta kwenye rafu miche ya rangi ya waridi na zambarau, yenye harufu ya lavenda au limau, iliyotengenezwa mbali kabisa na mji huo lakini imepigwa mhuri wenye jina lake. Zamani mambo yalibanwa zaidi: amri ya mfalme Louis XIV ya mwaka 1688 iliwataka watengenezaji watumie mafuta ya zeituni pekee. Leo viwanda vinavyojulikana kwa kufuata njia ya kale, ya kuchemsha mafuta na kostiki soda katika masufuria makubwa kwa siku nyingi kisha kuisafisha sabuni kwa maji ya chumvi, vinahesabika kwa vidole. Majina ya kuyatafuta kwenye mhuri ni Fer à Cheval, Le Sérail na Savonnerie du Midi, vya Marseille, na Marius Fabre, cha mji wa jirani wa Salon-de-Provence. Vyote vinne viliungana mwaka 2011 ili kuitetea njia hiyo.

Ukiushika mche, usome kwanza orodha ya viambato kabla ya kuunusa. Orodha ya sabuni ya asili ni fupi: mafuta yaliyogeuka sabuni, maji, chumvi na kostiki soda. Ukiona neno «parfum» au majina ya rangi, ujue kwamba umeshika sabuni ya aina nyingine. Mche wa mafuta ya zeituni ni wa kijani kinachoelekea hudhurungi, na hata ukipauka kwa nje, ukiukata utakuta ndani bado ni kijani. Uliotengenezwa kwa mawese na nazi ni mweupe kama maziwa, na huo pia ni wa asili. Watu wengi huupenda kwa kufulia. Umbo la kawaida ni mchemraba uliopigwa mhuri pande zake zote sita. Ile 72% inayoandikwa juu yake ni kiasi cha asidi za mafuta zilizomo, wala haithibitishi kwamba mafuta hayo ni ya zeituni, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Mche wa gramu 300 kwa kawaida hauzidi yuro 10. Nakushauri pia uwaulize shangazi zako wanachokitaka hasa, kwa sababu sabuni ya asili haina manukato kabisa na anayetarajia harufu nzuri anaweza kudhani amepewa sabuni ya kufulia. Hakuna ubaya kumnunulia sabuni ya manukato anayeipenda, ilimradi unajua unachokilipia.

Sasa tuje mahali. Nenda Noailles, mtaa ulio nyuma ya barabara kuu ya La Canebière, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Bandari ya Zamani, ambayo wenyeji huiita Vieux-Port. Kituo cha metro kina jina hilo hilo la Noailles. Hapo, katika rue des Récolettes, lipo duka la Maison Empereur, lililoanzishwa mwaka 1827, nami sijui duka jingine mjini linalostahili zaidi saa mbili za mgeni. Ni duka la vifaa vya nyumbani lenye vyumba vinavyofuatana: sufuria za shaba na za chuma, visu, brashi za kila kazi, bawaba, mitungi, vitambaa vya jikoni, vifaa vya kuchezea vya mbao, na sabuni za viwanda nilivyovitaja. Kitu chako cha kudumu cha jikoni utakipata hapo. Ukinunua kisu, kumbuka kwamba lazima kiingie katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Sabuni ya mche haina shida hata kwenye mkoba wa mkononi.

Karibu na hapo, katika rue Méolan, kuna duka la dawa za miti shamba la Père Blaize, lililofunguliwa mwaka 1815, ambalo linauza majani makavu na michanganyiko ya chai kwa kupima. Katika rue Longue des Capucins yako maduka ya viungo, likiwemo la Saladin, yenye magunia wazi ya bizari, pilipili, tende, njugu na zeituni. Soko la Capucins lenyewe ni la chakula na hufanya kazi kila siku isipokuwa Jumapili. Kwa msemaji wa Kiswahili mtaa huu una jambo la ziada. Marseille ni makao ya makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Komoro, na sokoni hapo utakutana na muhogo, nazi na ndizi za kupika, na huenda ukasikia mazungumzo utakayoyaelewa nusu bila mtu kukufasiria. Wasalimie watu. Ufaransa nzima, kuingia dukani na kuuliza bei bila kutanguliza «bonjour» huhesabiwa kuwa utovu wa adabu, nawe uliyelelewa kwa shikamoo hutapata taabu kulizoea hilo.

Angalizo moja: nje ya kituo cha metro husimama vijana wanaouza sigara za magendo. Wapite tu. Simu na pochi viwe mbele yako, maana njia ni nyembamba na msongamano ni mkubwa.

Kwa wenzako kazini, chukua biskuti ziitwazo navettes. Zina umbo la mtumbwi na ladha ya maji ya maua ya michungwa, na kwa kuwa ni ngumu na kavu hazivunjiki ovyo wala haziharibiki upesi. Tanuri kongwe ni Four des Navettes katika rue Sainte, karibu na abasia ya Saint-Victor, ambalo limekuwa likizioka tangu mwaka 1781. Tarehe 2 Februari, siku ya Chandeleur, yaani sikukuu ya Kikristo ya mishumaa, askofu mkuu hulibariki tanuri hilo na wenyeji hupanga foleni ndefu, lakini mwezi Juni utanunua kwa utulivu.

Mpenda Masoko

Nakubaliana na aliyotangulia kuyasema dada yetu kuhusu sabuni, kwa hiyo nitajibu suala la kodi na la tarehe, ambayo yeye hakuyagusa.

Kodi ya ongezeko la thamani nchini Ufaransa ni asilimia 20 kwa bidhaa nyingi na asilimia 5.5 kwa vyakula vingi. Mgeni anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya, mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, ambaye hatakaa zaidi ya miezi sita, anaweza kurudishiwa sehemu ya kodi hiyo endapo manunuzi yake katika duka moja, ndani ya siku tatu, yamezidi yuro 100. Maelezo yanapingana kwa sababu kiwango hicho kilikuwa juu zaidi, yuro 175, hadi kiliposhushwa, na tovuti nyingi bado zinataja kile cha zamani. Zingatia kwamba mwenye duka halazimiki kutoa huduma hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa na uwe na pasipoti mkononi.

Usitarajie asilimia 20 kamili. Kodi huhesabiwa juu ya bei ya kabla ya kodi, maana yake ni kwamba katika yuro 120 ulizolipa kodi ni 20, yaani moja ya sita, kisha kampuni inayoshughulikia marejesho hukata ada yake. Ukinunua sabuni na biskuti za yuro 60 hapa na 30 pale, hutafikisha kiwango. Ukinunua sufuria ya shaba na visu katika duka moja, huenda ukakifikisha. Dukani utapewa fomu yenye msimbo wa mistari. Uwanjani, kabla ya kukabidhi sanduku, unaiweka fomu mbele ya mashine iitwayo PABLO na kusubiri ithibitishwe. Fanya hivyo ukiwa na bidhaa, kwa sababu maafisa wa forodha wana haki ya kuomba kuziona. Uthibitisho hufanywa mahali unapotokea Umoja wa Ulaya, kwa hiyo kama ndege yako itapitia nchi nyingine mwanachama, uliza mapema ni wapi utapaswa kuionyesha fomu na hilo sanduku litakuwa wapi wakati huo. Wengi hupoteza haki yao hapo hapo, kwa kukabidhi mizigo kwanza na kuikumbuka fomu baadaye.

Kuhusu tarehe, una bahati. Ufaransa ina vipindi viwili vya mwaka vya punguzo vilivyowekwa kisheria, viitwavyo soldes, na kila kimoja hudumu wiki nne. Cha kiangazi huanza Jumatano ya mwisho ya Juni. Jumatano hiyo ikiwa baada ya tarehe 28, huanza Jumatano iliyotangulia. Bei ya awali lazima ionyeshwe pamoja na bei mpya, jambo linalomsaidia mnunuzi kupima kama punguzo ni la maana. Hata kama hutaki shati, viatu vya ngozi na vitambaa vya nyumbani vinastahili kuangaliwa katika wiki hiyo. Rue Saint-Ferréol, ambayo ni ya waenda kwa miguu, ina maduka ya kawaida. Rue Paradis na rue Grignan zina ya bei ya juu.

Ukipata Jumapili tu, sehemu kubwa ya maduka ya katikati ya mji hufungwa, na hapo ndipo jengo la Les Terrasses du Port linapofaa, maana hufunguliwa siku zote saba. Lilifunguliwa mwaka 2014 katika eneo la La Joliette, na lina baraza refu juu ya bahari ambako unaona meli za kwenda Corsica na Afrika Kaskazini zikipakia. Jirani yake ni Les Docks, maghala ya karne ya 19 yaliyogeuzwa ofisi na maduka, jengo lenye urefu wa mita zipatazo 365. Mimi binafsi naona jengo la Centre Bourse lina thamani kubwa kuliko vyote viwili kwa mgeni anayependa historia: lilipokuwa likichimbiwa msingi mwaka 1967, wafanyakazi walifukua mabaki ya bandari ya mji wa kale ulioanzishwa na Wagiriki wa Phocaea yapata mwaka 600 kabla ya Kristo, na magofu hayo yamehifadhiwa katika bustani pembeni ya maduka.

Msafiri wa Kusini

Nawashukuru sana nyote wawili. Tayari nimebadilisha mpango wangu na nitaitenga asubuhi nzima kwa ajili ya Noailles. Naomba niongeze maswali. Mafuta ya zeituni na ile michanganyiko ya majani ya kupikia inayouzwa katika vifuko vya vitambaa, ni vya kuaminika? Mpwa wangu anapenda mpira wa miguu na ameomba jezi ya Olympique de Marseille. Naweza kuipata wapi bila kuuziwa ya bandia? Na mtaa wa Le Panier, ambao kila mtu anausifu, una kitu cha kununua?

Mzee wa Gatini

Binti yangu, nianze na vile vifuko vya majani, kwa sababu vimenikera kwa muda mrefu. Michanganyiko iitwayo herbes de Provence inaweza kuuzwa na mtu yeyote, na sehemu kubwa ya inayouzwa kwa bei nafuu majani yake yametoka nje ya Ufaransa. Kifuko cha kitambaa chenye picha ya ua la lavenda hakithibitishi chochote, tena lavenda si sehemu ya mchanganyiko wa asili. Tafuta alama ya Label Rouge, ambayo inaweka masharti ya mimea inayoingia, yaani rozmari, thaimu, oregano na mmea uitwao sarriette, pamoja na kiasi cha kila mmoja. Ukikosa alama hiyo, ni heri ununue majani ya aina moja moja kwa Père Blaize au kwa wauza viungo wa Noailles, ambako utayanusa kabla ya kulipa.

Kwa mafuta ya zeituni, herufi za kuzitafuta ni AOP, yaani alama ya bidhaa ambayo jina la asili yake linalindwa kisheria, zinazoambatana na jina la eneo, kama Provence, Aix-en-Provence au Vallée des Baux-de-Provence. Soma kwa nyuma ya chupa, kwani maandishi makubwa ya mbele yanaweza kutaja mahali yalipotiwa chupani tu. Eneo hilo lina ladha mbili zinazotofautiana sana: ya kijani, ambayo ni kali kidogo na yenye uchungu, na iitwayo fruité noir, inayotokana na zeituni zilizoachwa kwa muda baada ya kuvunwa, ambayo ni laini na nzito. Mimi naipenda hiyo ya pili, na ndiyo iliyo adimu kwingine. Chagua kopo la bati badala ya chupa, kwani halivunjiki na halipitishi mwanga, kisha uliviringe katika nguo ndani ya sanduku kubwa. Kwenye mkoba wa mkononi hayataruhusiwa.

Jezi inunue katika duka rasmi la klabu, na lililo kwenye uwanja wa Vélodrome hufikika kwa metro ya mstari wa pili, kituo cha Rond-Point du Prado. Zile za bei ya chini zinazotandikwa chini mitaani ziache. Nchini Ufaransa kubeba bidhaa ya bandia ni kosa la forodha kwa mnunuzi pia, na inaweza kutaifishwa na ukatozwa faini. Mwambie mpwa wako kwamba klabu hiyo ndiyo ya kwanza ya Ufaransa kutwaa kombe la klabu bingwa Ulaya, mwaka 1993.

Le Panier ni mtaa mzuri wa kutembea, wenye ngazi nyingi na nyumba za kale, lakini nitatofautiana na wanaousifu kwa ununuzi. Maduka yake mengi siku hizi yanawalenga abiria wa meli za kitalii wanaopita kwa saa chache, na sabuni za rangi alizozieleza bibi wa Noailles ndizo zilizojaa huko. Wapo hata hivyo mafundi wa kweli wa vyombo vya udongo na wa santons, na tofauti utaiona kwa macho: fundi ana meza ya kazi, brashi zilizochafuka na vitu ambavyo havijakamilika. Hizo santons ni sanamu ndogo za udongo zilizopakwa rangi kwa mkono, zinazowakilisha mandhari ya kuzaliwa kwa Yesu pamoja na watu wa kawaida wa Provence, kama muuza samaki, mnoa visu, mchungaji na mwokaji. Anayetajwa kuwa ndiye aliyezianzisha ni mchongaji wa Marseille, Jean-Louis Lagnel, aliyeishi kati ya mwaka 1764 na 1822, ambaye alizitoa kwa kalibu ili watu wenye kipato kidogo waweze kuzimudu. Soko maalumu la santons, lililoanza mwaka 1803, hufanyika majira ya Krismasi, kwa hiyo Juni hutalikuta, lakini warsha kadhaa huuza mwaka mzima. Kama mama yako anapenda vitu vya namna hiyo, mtafutie yule muuza samaki. Ndiye anayeubeba mji wenyewe.

Mtaa wa Noailles

Baba yangu, shikamoo. Kuhusu Le Panier umenena kweli, nami sitaitetea. Nitaongeza tu kwamba anayetaka vitu vilivyotumika, kama vyombo vya zamani vya jikoni, aende soko la Les Puces katika avenue du Cap-Pinède asubuhi ya Jumapili, ambako kupatana bei ni ruhusa, tofauti na madukani.

Mdogo wangu, kwa asubuhi yako moja, panga hivi. Anzia Bandari ya Zamani mapema, wavuvi wanapouza samaki kwenye meza zao ukingoni mwa maji, kwa sababu ikifika saa saba mchana huwa wamekwisha kufunga. Panda La Canebière hadi Maison Empereur ununue vitu vizito kwanza, ukifikisha yuro 100 uombe fomu yako, kisha ingia kwa wauza viungo. Biskuti ziache za mwisho, maana rue Sainte iko upande wa pili wa bandari na kutoka hapo unaweza kurudi hotelini bila kupita tena na mizigo katikati ya soko. Maduka madogo kadhaa hufungwa mchana kwa chakula na mengine hayafunguliwi Jumatatu, kwa hiyo kama mkutano wako unaishia mwisho wa wiki, chagua Jumamosi.